Kutoka Kivu hadi Sinza: Remmy Ongala na Kiswahili cha Mhamiaji

Baraka ni mji ulioko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, katika wilaya ya Fizi iliyo kusini kabisa mwa Jimbo la Kivu Kusini. Mbele yake kuna rasi ya Ubwari, na ng'ambo ya maji ni Kigoma. Mji wa Fizi wenyewe uko juu milimani, mbali kidogo na ziwa, na kutoka hapo njia huendelea kuelekea Kabambare, Kasongo na hatimaye Kindu, kwenye Mto Lualaba. Njia hiyo si ngeni. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ya pembe na ya watumwa iliyotoka Ujiji iliingia Manyema kupitia nchi hizo za magharibi ya ziwa, na ndiyo iliyopeleka Kiswahili ndani ya Kongo. Hata jina la Baraka ni neno ambalo mwanafunzi yeyote wa Kiswahili hahitaji kamusi ili alielewe.

Aghalabu historia hiyo huelezwa kwa mwelekeo mmoja tu: Kiswahili kilitoka pwani, kikapanda bara, kikavuka ziwa, kikafika Lualaba, kikabakia huko kikiitwa Kingwana. Mwendo wa kurudi hauzingatiwi sana. Ilhali watu wa Manyema walihamia Ujiji na Kigoma tangu karne hiyohiyo ya 19, wakafika hadi Dar es Salaam ambako upo msikiti unaojulikana kwa jina lao. Katika karne ya 20 waliofuata njia hiyo walikuwa wafanyakazi, wakimbizi na, kwa idadi isiyopuuzika, wanamuziki. Makala hii inamhusu mmoja wao, Ramadhani Mtoro Ongala, aliyejulikana zaidi kama Dakta Remmy, mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa. Linalochunguzwa hasa ni jambo ambalo wasifu wake mwingi uliokwisha kuandikwa hulitaja kwa sentensi moja tu, nalo ni lugha yake: mtu aliyekuja na Kiswahili cha Kongo alipataje kuwa sauti ya wanyonge wa Tanzania, katika nchi ambayo Kiswahili ni mali ya taifa na kina walinzi wake?

Kiswahili cha magharibi ya ziwa

Ili kuelewa alichokuja nacho Ongala hapana budi kwanza kutazama lugha ilivyo upande ule. Katika Fizi na Baraka Wabembe ndio walio wengi, na Kibembe ndicho lugha ya nyumbani. Kiswahili ni lugha ya soko, ya ibada na ya kusikilizana na majirani. Kifaransa ni lugha ya ofisi na ya masomo ya juu. Lingala iliingia pamoja na jeshi, na zaidi ya jeshi, pamoja na muziki. Kwa hiyo mtu wa huko hukua akijua kwamba kila lugha ina mahali pake, na kwamba kuhama kutoka lugha moja hadi nyingine ndani ya mazungumzo yaleyale si kosa wala ulimbwende.

Kiswahili chenyewe kina sura yake. Nazali inayosimama peke yake kama silabi, ambayo ni kawaida katika Kiswahili Sanifu, huepukwa kwa kuongezewa irabu: mtoto huwa mutoto, na nchi huwa inchi. Kiambishi cha wa- mara nyingi husikika kama ba-, na vi- kama bi-, hata vitu vikawa bitu. Udogo huonyeshwa kwa ka- na tu-, yaani katoto na tutoto, pasipo dharau ambayo ka- huweza kubeba masikioni mwa mtu wa pwani. Niko hutumika mahali ambapo msemaji wa sanifu angesema mimi ni. Sifa hizi hazikuzuka kwa uzembe wa wasemaji, kama walivyodhani baadhi ya walimu wa zamani. Nyingi zinalingana na kanuni za lugha za Kibantu zinazozungumzwa na watu walewale, na zina utaratibu wake.

Kwamba Kiswahili hicho kilikuwa lugha ya mambo makubwa na si ya soko tu, historia ya Fizi inatosha kuwa ushahidi. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliitwaa Uvira, Fizi na hata Kindu. Aprili 1965 Ernesto Che Guevara na Wakuba wenzake walivuka ziwa kutoka Kigoma na kushuka Kibamba, na baadhi yao walipewa majina ya siri yaliyokuwa nambari za Kiswahili. Guevara mwenyewe akaitwa Tatu, huku Moja na Mbili wakiwa wasaidizi wake. Baada ya Wakuba kuondoka mwezi Novemba mwaka huo, Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama chake mwaka 1967 na kushika milima ya Fizi kwa miaka mingi. Makao yake makuu yaliitwa Hewa Bora. Watu wa huko walipotaka kuipa jina nchi waliyoitamani, walilitafuta katika Kiswahili.

Lakini walipotaka kucheza dansi, waliimba kwa Lingala. Hapa ndipo lilipo fumbo. Muziki wa dansi wa Kongo, uliojengwa Léopoldville na Brazzaville na baadaye kutukuzwa na kina Franco na Tabu Ley, ulikuwa muziki wa Lingala. Mwimbaji kijana wa Kivu katika miaka ya 1960 na 1970 aliyetaka kusikilizwa nchini kwake alilazimika kuielekea lugha ya mji mkuu ulio mbali sana na kwao. Waliochagua Kiswahili, kama Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo wa Katanga, walipata wasikilizaji wengi mashariki, na wote wawili walifika Nairobi; Masengo alikaa huko kwa miaka kadhaa. Kwa mwanamuziki wa mashariki ya Kongo, kuhama kuelekea Afrika Mashariki hakukuwa kutafuta mkate peke yake. Kulikuwa pia kuhama kutoka Lingala na kurudia Kiswahili.

Mtoto wa Kindu

Ongala alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu. Leo Kindu ni makao makuu ya Jimbo la Maniema, lakini wakati huo ilikuwa sehemu ya Kivu, na ilihesabiwa hivyo kwa muda mrefu mpaka mwaka 1988, Kivu ilipogawanywa kuwa majimbo matatu. Kumwita mtoto wa Kivu, basi, si kosa. Kwa simulizi aliyoipenda kuirudia, mama yake alikuwa amekwisha kufiwa na watoto, ndipo mganga akamshauri azalie porini na asimnyoe mtoto nywele. Mtoto akazaliwa na meno mawili. Wengi waliomwona jukwaani Dar es Salaam, nywele zake zikiwa zimesokotwa na kushuka mabegani, walidhani ni uigaji wa Bob Marley; yeye alizitia nywele hizo katika hadithi ya kuzaliwa kwake. Mtafiti wa fasihi simulizi hatakosa kutambua hapo kunga ya kale: shujaa huzaliwa na alama. Iwe ilikuwa hivyo au la, Ongala alijua thamani ya hadithi kwa msanii, na cheo cha Dakta alichopewa na mashabiki kilikaa vizuri juu ya hadithi hiyo.

Alifiwa na wazazi akiwa bado kijana, akaingia katika bendi ili aishi. Katika miaka ya 1960 na 1970 alipiga na vikundi mbalimbali vya Kongo, kimojawapo kikiwa Grand Mickey Jazz. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, Mzee Makassy. Hakuwa wa kwanza. Orchestra Maquis ilikuwa imekwisha kutia mizizi jijini, na Baba Gaston wa Lubumbashi alikuwa amepita Dar es Salaam kabla ya kwenda Nairobi. Wakazi wa jiji waliwapenda Wakongo kwa magitaa yao, na waliimba nao Lingala bila kuielewa. Hata hivyo palikuwa na mpaka. Msikilizaji wa Tanzania, aliyelelewa na nyimbo za NUTA Jazz na Western Jazz, alizoea kwamba wimbo una ujumbe: una mafunzo, una malalamiko, una kisa. Sehemu ya kuchemka, pale magitaa yanapochukua nafasi na wachezaji kuinuka, ilipendwa sana, lakini haikuwa wimbo mzima. Bendi za Kongo zilizokaa Tanzania zilijifunza hilo mapema, nazo zikaanza kutunga kwa Kiswahili.

Wimbo wa kwanza wa Ongala akiwa na Makassy ulikuwa Siku ya Kufa, alioutunga kwa ajili ya rafiki aliyefariki. Inafaa kuliangalia jambo hili kwa makini. Mgeni katika mji, mwimbaji mmojawapo katika bendi ya mtu mwingine, hakuanza na wimbo wa mapenzi wala wa kusifu bendi, bali alianza na kilio. Maombolezo ni utanzu ambao mtu hahitaji uenyeji ili aruhusiwe kuutumia, kwa kuwa msiba hauulizi mtu ametoka wapi. Na kifo kilibaki kuwa mada yake hadi mwisho. Wimbo wake uitwao Kifo, unaokilaumu kifo kana kwamba ni mtu anayeweza kujibu, bado hupigwa redioni mtu maarufu anapofariki.

Makassy alipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ongala alibaki Dar es Salaam akajiunga na Orchestra Matimila, iliyopewa jina la kijiji cha kusini mwa Tanzania. Mazingira ya kazi yalikuwa magumu. Vyombo vilikuwa mali ya mfanyabiashara au ya shirika la umma, na mwanamuziki aliajiriwa kama kibarua. Akigombana na mwenye vyombo, hubaki mikono mitupu. Kurekodi kulifanywa katika studio ya Redio Tanzania, na wimbo ukisharekodiwa ulipigwa miaka nenda miaka rudi pasipo mtunzi kupata chochote cha maana. Nani basi angeelewa vizuri zaidi neno unyonge?

Mnyonge na misemo

Neno hilo linastahili kupewa nafasi. Katika msamiati wa siasa wa Tanzania, unyonge si neno la huruma tu. Limo katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambako umaskini, unyonge na kuonewa vimefungamanishwa kuwa hoja ya mapinduzi. Kwa miaka iliyofuata viongozi walilitumia neno hilo majukwaani wakiwazungumzia wanyonge, aghalabu kwa niaba yao. Ongala alilichukua neno hilohilo na kulihamisha. Katika nyimbo kama Mnyonge Hana Haki na Sauti ya Mnyonge, mnyonge hasemewi, anasema mwenyewe. Jina la wimbo wa kwanza ni sentensi kamili ya kukanusha, na sentensi hiyo inakana hasa kile ambacho Azimio liliahidi. Wala hakuhitaji kuitaja serikali. Aliyelelewa katika shule za Tanzania alielewa mara moja neno hilo limetoka wapi na limerudishwa kwa nani.

Ni vigumu kuamini kwamba mzaliwa wa Tanzania angelisikia neno hilo kwa namna ileile. Kwake lingekuwa limechakaa. Mhamiaji huyasikia maneno ya wenyeji yakiwa bado na uzito wake wa asili, kwa sababu hakuyapata tangu utotoni pamoja na usingizi wa hotuba ndefu. Huenda hapo ndipo penye siri moja ya utunzi wa Ongala, na wahakiki waliomsifu kwa ujasiri wake wa kisiasa wangefaa kumsifu pia kwa sikio lake.

Sikio hilo linaonekana waziwazi zaidi katika misemo na methali. Ndumila Kuwili ni jina la nyoka anayesadikiwa kuwa na kichwa kila upande, na katika Kiswahili cha pwani ni sitiari ya mtu mnafiki. Tembea Ujionee ni methali ya tembea uone iliyoongezewa kijalizo: kiambishi cha kujirejea -ji- na mnyambuliko wa kutendea vinalihamisha jambo kutoka kuona kwa macho tu hadi kujishuhudia mtu mwenyewe. Kipenda Roho inatokana na methali ya kipendacho roho kula nyama mbichi, lakini kirejeshi kimeangushwa, hata kikabaki kitu kati ya kitenzi na nomino, kwa namna inayokumbusha ufupishaji wa washairi wa kale. Hivi si Kiswahili cha Kindu. Ni Kiswahili alichokitafuta, akakikusanya barabarani, vilabuni na kwenye daladala, kisha akakirudisha kwa wenyewe kikiwa na muziki.

Pamoja na hayo, sauti ya kwao haikuzimwa. Albamu yake ya mwaka 1992, Mambo, ina wimbo ambao jina lake limeandikwa Inchi Yetu, kwa irabu ya mwanzo. Ushahidi wa jalada utumiwe kwa hadhari: albamu ilitolewa Uingereza, na haifahamiki ni mkono wa nani uliopanga herufi. Zaidi ya hayo, tahajia ya inchi ilikuwapo hata katika maandishi ya zamani ya Afrika Mashariki kabla ya usanifishaji kuenea. Lakini matamshi hayo yanapatana kabisa na Kiswahili cha mashariki ya Kongo kilichoelezwa hapo juu, na maana yake inachoma. Msemaji anadai nchi kwa kimilikishi cha yetu, na neno lenyewe la nchi linamtaja kuwa mgeni. Afisa wa lugha angesahihisha herufi moja. Msikilizaji wa Manzese hakusahihisha kitu.

Mfano mwingine ni Nalilia Mwana. Kitenzi kulilia kina pande mbili: mtu huweza kumlilia aliyepotea, na huweza kulilia asichokipata. Mama aliyefiwa na mama asiyejaliwa kuzaa wanakutana katika neno moja. Ongala hakuchagua mtoto, ambalo ndilo neno la kila siku, bali mwana, ambalo katika Kiswahili lina harufu ya ushairi na ya heshima. Katika Lingala, hata hivyo, mwana ndilo neno la kawaida la mtoto, na lugha nyingi za Kibantu za Kongo zina neno hilo au linalokaribiana nalo sana. Kwa hiyo neno moja linasikika la kishairi Dar es Salaam na la nyumbani Baraka. Kama alilichagua kwa kujua au kwa mazoea ya ulimi si muhimu sana. Linafanya kazi pande zote mbili za ziwa.

Soksi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ongala alitoa wimbo uliomletea umaarufu na lawama kuliko wote, Mambo kwa Soksi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walikuwa wametambuliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia wakati wa wimbo huu ugonjwa ulikuwa umeingia kila mkoa. Lugha ya kuuzungumzia ilikuwa bado haijapatikana. Kondomu lilikuwa neno la hospitali. Mpira lilikuwa na maana nyingi mno. Soksi lilikuwa neno la nyumbani, la kuchekesha na lisilo na aibu: kitu ambacho mtu huvaa kabla ya kuvaa kiatu, tena kila siku, bila kuombwa.

Redio ya taifa ilikataa kuupiga wimbo huo. Kanda zikauzwa mitaani, na ukumbini watu walidai upigwe tena. Inashangaza kidogo kwamba kilichozuiwa ni wimbo usiotamka hata neno moja la matusi. Lakini ndivyo ilivyo tabia ya tafsida nzuri: huleta picha kamili huku ikinyamaza, na anayetaka kuizuia hana neno la kulinyoshea kidole. Utamaduni wa Kiswahili unalijua jambo hili kwa muda mrefu, tangu mafumbo ya taarabu hadi maandishi ya kanga. Ongala, ambaye hakukulia katika taarabu, aliifikia mbinu ileile kwa njia ya dansi, na aliitumia kwa suala la uhai na mauti. Ni vigumu kuhesabu ni wangapi walionusurika kwa sababu ya wimbo, na hesabu ya namna hiyo haifai kudaiwa. Ila inafaa ikumbukwe kwamba wakati vyombo vyenye dhamana ya kuelimisha vilipokuwa vikitafuta maneno ya staha, maneno yalikuwa yamekwisha kupatikana kwa mtu wa kuja.

Kuitwa ng'ambo ya pili

Kanda ya Ongala ilifika Uingereza kwa mkono wa rafiki aliyekuwa akirudi kwao, na mwaka 1988 bendi yake, iliyokuwa ikiitwa Super Matimila, ilialikwa katika matamasha ya WOMAD. Mwaka 1989 lebo ya Real World, iliyoanzishwa na Peter Gabriel, ilitoa albamu ya Songs for the Poor Man, na Mambo ikafuata mwaka 1992. Hapo pakazuka tena swali la lugha. Baadhi ya nyimbo za Mambo zimeimbwa kwa Kiingereza, ili wasikilizaji wa Ulaya waelewe ujumbe. Haikosi kusemwa kwamba Kiingereza chake ni chepesi mno, na kwamba nyimbo hizo hazifikii zile za Kiswahili. Utani wa pembeni, kusitasita, kuacha kuimba akasema na watu kama mzee barazani, vyote hivyo vinahitaji lugha ambayo mtunzi anaichezea. Kwa Kiingereza alibakiwa na ujumbe peke yake. Wazungu walicheza, na hilo si haba.

Muziki wake aliuita wa ubongo. Kwa maelezo yake, ulikuwa muziki wa kutuliza na kufikirisha kichwa, si wa kuchezesha miguu pekee. Jina hilo lilikuwa na bahati ya kukutana na bongo, jina la mtaani la Dar es Salaam, mji ambao asiyetumia akili hali. Hata wimbo wake wa Muziki Asili Yake Wapi, kwa jina lake tu, unauliza swali ambalo Mkongo katika Tanzania aliulizwa kila siku kwa namna nyingine: wewe asili yako wapi? Kulihamisha swali hilo kutoka kwa mtu hadi kwa muziki kulikuwa jibu la kutosha.

Mwanzoni mwa karne ya 21 alipatwa na kiharusi, na nguvu za mwili zikapungua. Baadaye aliokoka, akanyoa zile nywele za hadithi, akaimba nyimbo za injili. Mashabiki wa zamani hawakufurahi wote. Alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, akiwa na umri wa miaka 63.

Waliorudi na waliobaki

Wakati Ongala alipokuwa kileleni mwa sifa zake, watu wengi wa Fizi na Baraka walikuwa bado kwao. Vita vya mwaka 1996 ndivyo vilivyowamwaga kwa maelfu kupitia ziwani hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka huohuo kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Watoto wao walisoma kambini kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, huku nje ya darasa wakiishi katika Kiswahili cha Tanzania. Kuanzia mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha baadhi yao kutoka Kigoma hadi Baraka. Mwanaisimu anayetaka kuona mwendo wa kurudi wa Kiswahili ana uwanja wake pale gatini: vijana wanaosema mtoto na mutoto kwa kutegemea wanazungumza na nani, na wanaojua nyimbo za dansi za ng'ambo kwa moyo. Utafiti wa lugha hiyo ya waliorudi unafaa ufanywe na vyuo vya pande zote mbili, nao usingoje hadi kizazi kilichovuka kiwe kimezeeka.

Upande wa Dar es Salaam, Ongala aliacha alama ya kisarufi. Katika eneo la Sinza, alikokuwa akiishi, kipo kituo cha daladala kinachojulikana kwa jina lake. Makondakta hawasemi Remmy. Wanasema Kwa Remmy, kwa kihusishi kilekile kinachotumiwa na mtoto anayetumwa kwa shangazi au kwa mwenye duka. Abiria wengi wanaoshuka hapo ni wadogo mno kumkumbuka, na wengine hawajui kwamba aliyekuwa na nyumba hapo alizaliwa Kindu.